Kikiboksi kwa Anayeanza, Hadi Usiku wa Kutazama MMA Ukumbini: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. "Nimejifunza miezi miwili, mbona teke langu halipandi?" "Nyonga inauma kila nikipiga." "Nilikata tiketi nikaenda kutazama MMA, nikatoka sijui mshindi alishindaje." (Kikiboksi ni mchezo wa ngumi na mateke; MMA ni mapigano mchanganyiko yanayoongeza mieleka na kukabana.) Malalamiko hayo nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, na sasa naamini chanzo chake ni kimoja: watu wanakodolea macho mikono, na mchezo wa ngumi na mateke unaanzia miguuni. Mwongozo huu umepangwa juu ya jambo hilo. Ukiufuata kwa mfululizo, mwili wako utajua kupiga, na macho yako yatajua kutazama.

## Vitu vya kuwa navyo

Usinunue kila kitu siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza unahitaji hivi tu:

- Bandeji za mikono jozi 2, kila moja urefu wa mita 4.5. Zile fupi hazitoshi kuzunguka kiganja na kifundo cha mkono kwa pamoja. Jozi ya pili ni ya kuvaa wakati ya kwanza imefuliwa.
- Glovu za kupigia begi (mfuko mzito unaoning'inizwa kwa mazoezi), aunsi 12 au 14 kwa mtu mzima wa mwili wa kawaida.
- Kaptura pana au yenye mpasuko pembeni. Kaptura inayobana mapaja itakufanya upinde mgongo ili mguu upande.
- Kamba ya kuruka, chupa ya maji, taulo, na ndala za kutembelea nje ya mkeka.

Utakapokaribia kucheza na mwenzako, ongeza glovu za aunsi 16, kinga ya meno, kinga za miundi, na kinga ya sehemu za siri kwa wanaume. Kinga ya meno ile ya kuchemsha na kung'ata inatosha kwa anayeanza, ila ifinyange vizuri: ukifungua mdomo isidondoke.

Glovu za MMA, zile nyembamba za aunsi 4 zinazoacha vidole wazi, usizipigie begi kwa sasa. Hazina sponji ya kutosha kulinda mkono usiojua kugonga.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pa kujifunzia kwa kukaa na kutazama

Omba kutazama kipindi kizima cha wanaoanza kabla hujalipa. Usijali vikombe vilivyopangwa kabatini. Mtazame kocha: je, anainama kurekebisha miguu ya mwanafunzi, au anasimama mbali akihesabu kwa sauti? Mahali ambapo hakuna anayegusa wala kusahihisha miguu yako, utatoka jasho bila kujifunza.

Uliza swali moja: "Mwanafunzi mpya anaanza kupigana na wenzake baada ya muda gani?" Ukijibiwa "wiki hii hii", shukuru na uondoke. Kumtupa mgeni mbele ya wazoefu ili "aonje" ni njia ya kumvunja.

Ukiwa na tatizo la moyo, kifafa, au umewahi kuumia kichwa au goti, muone daktari kwanza na umweleze waziwazi kwamba ni mchezo wa kupigana.

## Hatua ya 2: Funga bandeji sawasawa

Mkono una mifupa midogo mingi iliyoshikana kwa kano. Glovu inapunguza kishindo, lakini kazi ya kuishika mifupa ile pamoja na kunyoosha kifundo cha mkono ni ya bandeji.

1. Tanua vidole kabisa, na uviache hivyo mpaka mwisho. Ukifunga huku umekunja ngumi, bandeji italegea. Ukifunga vidole vikiwa vimebanana, damu haitapita.
2. Ingiza kitanzi kwenye dole gumba, kisha pitisha bandeji juu ya mgongo wa mkono. Ikianzia upande wa kiganja, ukikunja ngumi itafunguka.
3. Zungusha kifundo cha mkono mara 3.
4. Panda hadi kwenye vifundo vya vidole, uzungushe mara 3 tena.
5. Pitisha katikati ya vidole, nafasi moja baada ya nyingine, kila mara ukirudi kwenye kifundo cha mkono ili bandeji ichore alama ya X mgongoni mwa mkono.
6. Zungushia dole gumba mara moja, kisha malizia kwenye kifundo cha mkono.

Umefaulu ukikunja ngumi na kuhisi imebanwa kila upande, na ukiifungua hakuna ganzi. Vidole vikipoa au kubadilika rangi, fungua uanze upya. Bandeji ifuliwe kila baada ya mazoezi, bila kujadiliana. Mabaka ya ukungu na majipu huenea kwa vitambaa vibichi na mikeka michafu kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani.

## Hatua ya 3: Simama, kisha jifunze kutembea

Hapa ndipo wengi huruka wakakimbilia kupiga. Toa wiki 2 nzima.

Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja mbele, mwingine nyuma. Anayetumia mkono wa kulia huweka mguu wa kushoto mbele. Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo, magoti yalegee, kidevu kishuke, mikono ilinde mashavu, viwiko vifunike mbavu.

Ukiwahi kujifunza ngumi za kawaida, utaona ajabu kwamba hapa unasimama wima zaidi. Ukiegemeza uzito wote mguu wa mbele, teke la chini likija huwezi kuuinua kujikinga, na utalipokea lote pajani. Gawa uzito karibu nusu kwa nusu.

Kutembea kuna kanuni moja: mguu ulio upande unaokwenda ndio unaotangulia. Kwenda mbele, wa mbele kwanza. Kwenda kulia, wa kulia kwanza. Miguu isipishane hata mara moja. Ikipishana, msukumo mdogo tu unakulaza.

Zoezi: raundi 3 za dakika 2 kila siku ya mazoezi, ukitembea bila kupiga chochote. Bandika mstari wa gundi sakafuni. Mguu mmoja ubaki upande wake na mwingine upande wake.

Mtihani ni mwepesi. Mwombe mwenzako akusukume begani ghafla, kutoka upande wowote, ukiwa unatembea. Ukiyumba ukarudi mahali pako bila kuruka, endelea hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Makonde mawili yanatosha

Konde la mkono wa mbele, maarufu kama jebu, linakwenda moja kwa moja kutoka shavuni hadi kwenye shabaha na kurudi njia ileile. Bega lipande lifunike kidevu. Gonga kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka.

Konde la mkono wa nyuma linaanzia kwenye kisigino. Kisigino cha nyuma kinageuka nje, nyonga inafuata, kiwiliwili kinafuata, mkono unamalizia. Ukisikia bega limechoka kabla ya miguu, ujue unasukuma kwa mkono mtupu.

Makonde ya pembeni na ya kuzoa kutoka chini utafundishwa, lakini usiyakimbilie. Mwezi mzima wa hayo mawili, ukiyachanganya na mwendo wa Hatua ya 3, utakufikisha mbali kuliko makonde sita yasiyo na miguu.

## Hatua ya 5: Teke la mzunguko, mahali wengi wanapokwama

Nitakaa hapa kwa kirefu. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi 4 nikipiga teke hili huku mguu niliosimamia umeganda sakafuni. Nyonga ikauma, goti likaanza kulia, na kila mtu akaniambia ninyooshe viungo zaidi. Nilinyoosha. Haikusaidia, kwa sababu shida haikuwa kwenye mguu uliokuwa hewani.

Mfupa wa paja una namna yake ya kukaa kwenye nyonga. Mguu uliosimama ukiwa bado unatazama mbele, nyonga inafungwa, na teke haliwezi kupanda zaidi ya kiwango fulani hata uwe laini kama utepe. Ukigeuza mguu huo, nyonga inafunguka na mguu unapanda wenyewe. Na kuna jambo zito zaidi: mguu ukiganda huku mwili unazunguka, msokoto wote unaishia gotini, na goti halikuumbwa kusokotwa.

Anzia ukutani.

1. Simama ubavu kwa ukuta, uushike kwa mkono mmoja. Inua goti la mguu wa nje hadi usawa wa kiuno.
2. Panda juu ya sehemu nene iliyo nyuma ya vidole vya mguu uliosimama, kisha zungusha kisigino hicho mpaka kielekee kule unakotaka kupiga. Simama hapo, utazame chini, uhakikishe kwa macho.
3. Pindua nyonga, goti lililoinuliwa lielekee kwenye shabaha.
4. Sasa kunjua mguu polepole. Urudishe kwa njia ileile.

Fanya mara 20 kila mguu, bila haraka, kwa wiki nzima. Inachosha na haina raha. Lakini kila niliyemwona akiivumilia, teke lake lilibadilika ndani ya mwezi.

Baada ya hapo nenda kwenye begi. Piga hatua ndogo ya mbele kwa mshazari, vidole vya mguu wa mbele vikiwa tayari vimetazama nje. Mkono wa upande unaopiga ushuke kwa nguvu nyuma ili kusawazisha mwili. Mkono mwingine ubaki shavuni, maana unapopiga ndipo unapopigwa. Gonga kwa theluthi ya chini ya muundi, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Usigonge kwa mgongo wa unyayo: pale pana mifupa myembamba, na kiwiko cha mpinzani kikikutana nayo utachechemea kwa wiki kadhaa.

Masikio yatakuambia kama umefaulu. Teke lililopigwa kwa unyayo linalia "paa", kama kofi. La muundi na nyonga linalia "du", zito, na begi linajikunja mahali ulipopiga badala ya kubembea. Kisha mguu ukitua, uwe umesimama kama Hatua ya 3. Kama umezunguka ukampa begi mgongo, rudi ukutani.

Kuhusu maumivu ya miundi: ni kawaida mwanzoni, na yanapungua kadiri mifupa na ngozi vinavyozoea begi. Usijipige kwa fimbo wala chupa kama wanavyoshauriana vijana. Unaumiza tu ngozi na tishu. Maumivu yakikaa mahali pamoja pa mfupa, yakaongezeka ukitembea au usiku, acha mateke umwone daktari, kwani huenda mfupa umepata ufa.

## Hatua ya 6: Kujikinga na teke la chini

Inua mguu unaolengwa, goti likitazama nje kidogo, vidole vikielekea juu ili misuli ya mguu ikaze. Lengo ni teke lake likutane na sehemu ya juu ya muundi wako, karibu na goti, ambako mfupa ni imara zaidi.

Nguvu ya kinga hii ilionekana tarehe 28 Desemba 2013 mjini Las Vegas. Katika pambano la MMA, Anderson Silva alimpiga Chris Weidman teke la chini, Weidman akainua mguu, na mguu wa Silva ndio uliovunjika. Zaidi ya miaka saba baadaye, Aprili 2021, Weidman naye alivunjika mguu kwa namna ileile alipompiga Uriah Hall teke la chini. Kwa hiyo ujifunze mambo mawili kwa pamoja: inua mguu wako kwa wakati, na usitupe teke la chini likiwa peke yake. Litanguliwe na makonde ili mpinzani awe na shughuli nyingine.

Zoezi hili lifanywe kwa kinga za miundi na kwa nguvu ndogo kabisa.

## Hatua ya 7: Kucheza na mwenzako

Kwa mazoezi ya mara 2 au 3 kwa wiki, subiri angalau miezi 3. Lakini kigezo changu halisi si kalenda, ni hiki: je, unaweza kupiga raundi 3 za begi huku miguu haipishani na mikono inarudi shavuni hata ukiwa umechoka? Kama bado, bado.

Kubalianeni kwa maneno kabla ya kuanza: nguvu kiasi gani, kichwa kinaguswa au hakiguswi. Raundi zako za kwanza ziwe za miguu na mwili tu. Mwenzako akipandisha nguvu, mwambie. Asiposikia, toka ulingoni. Kutoka si aibu.

Onyo la kichwa. Ukipigwa kichwani kisha ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu machoni, kichwa kuuma, mwanga kukukera au kusahau mlichokuwa mnafanya, umemaliza kwa siku hiyo. Usirudi hata kama umejisikia nafuu baada ya dakika 10. Muone daktari. Ukizimia, ukitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali mara moja. Ubongo uliotikiswa na kutikiswa tena kabla haujapona ni hatari ya kifo. Naliandika hili bila kulipunguza makali.

## Hatua ya 8: Jiandae kwa usiku wa MMA

Sasa nenda ukatazame, kwa maana macho yako yana kazi ya kufanya.

Kata tiketi kwa muuzaji rasmi wa pambano, na usome masharti ya mikoba na mizigo inayoruhusiwa ukumbini kabla ya kutoka nyumbani. Usinunue kwa ajili ya mpiganaji mmoja tu: wapiganaji huondolewa siku chache au hata saa chache kabla, kwa kuumia au kushindwa kufikia uzani.

Viti vinawadanganya wengi. Safu za chini kabisa, karibu na kizimba (ulingo wa MMA uliozungushiwa uzio), ndizo ghali, lakini nguzo za kizimba, wapiga picha na watu wanaosimama vinakuziba. Pambano likishuka chini, huoni kitu, unaishia kutazama skrini. Safu za pembeni zilizoinuka kiasi, mahali unapotazama sakafu ya kizimba kwa juu kidogo, ndizo ninazozipendekeza kwa mtu anayejifunza. Utaona miguu.

Fika mapema. Usiku mmoja mkubwa unaweza kuwa na mapambano 12 au zaidi na kuchukua saa 5 hadi 6. Mapambano ya mwanzo watu wengi huyakosa, na ni hazina: ukumbi bado umetulia, unasikia kocha akipaza sauti kona, unasikia hata muundi ukigonga paja. Beba sweta, vizibo vya masikio, na simu iliyojaa chaji. Panga usafiri wa kurudi kabla hujaingia.

Kumbuka kwamba ukumbini hakuna mtangazaji wa kukueleza. Kwa hiyo jua haya:

- Pambano la kawaida ni raundi 3 za dakika 5, mapumziko dakika 1. La ubingwa ni raundi 5, na mara nyingi pambano kuu la usiku pia.
- Majaji 3 hutoa pointi 10 kwa mshindi wa raundi na 9 au pungufu kwa mwingine. Kinachotangulia ni athari ya mapigo na ya mieleka. Kusonga mbele bila kudhuru hakumpi mtu raundi.
- Pambano linaweza kwisha kwa KO (mpiganaji kupigwa akashindwa kuendelea), kwa mwamuzi au daktari kulisimamisha, au kwa mpiganaji kugonga kwa mkono kukubali alipokabwa kabali au kubanwa kiungo.
- Kuchoma vidole machoni, kupiga sehemu za siri na kupiga kisogoni ni makosa. Aliyepigwa sehemu za siri hupewa hadi dakika 5 apumue.

## Hatua ya 9: Namna ya kutazama

Chukua karatasi na kalamu. Katika pambano la kwanza, usitazame mikono kabisa. Tazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Nani anapishanisha miguu? Nani anarudi nyuma mstari mnyoofu mpaka mgongo unagusa uzio?

Pambano la pili, andika alama zako za kila raundi kabla majaji hawajatangaza. Ukitofautiana nao, jiulize ulivutiwa na nini. Mara nyingi ni kelele za mashabiki.

Utaona pia tofauti na ulichojifunza. Wapiganaji wa MMA husimama kwa upana zaidi na mikono chini kidogo, kwa sababu wanahofia kubebwa miguu na kuangushwa. Mateke ya juu ni machache, kwani teke likidakwa, unatupwa chini. Tafuta kwenye orodha ya usiku waliotoka kwenye kikiboksi, kama walivyotoka Israel Adesanya na Alex Pereira, uone wanavyokabili shida hiyo: teke linatoka baada ya kitu kingine kumshughulisha mpinzani.

Mfano wa hilo ambao sichoki kuurudia ni wa tarehe 20 Agosti 2022, Salt Lake City. Leon Edwards alikuwa nyuma kwa pointi mbele ya bingwa Kamaru Usman, na raundi ya 5 ilibakiza chini ya dakika moja. Edwards akazuga kwa mkono wa kushoto. Kichwa cha Usman kikahama kuukwepa mkono, kikaenda kulekule ambako teke la mguu wa kushoto lilikuwa linapanda. Pambano likaisha hapo. Litazame tena polepole, na safari hii liache teke lenyewe, uangalie mguu wa kulia wa Edwards, ule aliosimamia, unavyogeuka.

Kabla ya kulala usiku huo, chagua kitu kimoja tu kwenye karatasi yako: hatua moja ya pembeni, kuzuga kumoja, kinga moja. Kipindi kinachofuata, fika dakika 15 kabla ya wenzako, mwonyeshe kocha, na ukifanyie raundi 3 mbele ya kioo, polepole, bila glovu.